Unasoma Nini Sasa? Usomaji wa Pamoja wa "Peponi" Kambu na Nafasi ya Msikilizaji katika Uhakiki

Miongoni mwa maswali ambayo wapenzi wa vitabu huulizana kila wakutanapo, hakuna la kawaida zaidi ya hili: unasoma nini sasa? Ni swali la barazani na la kituo cha basi, na pengine kwa sababu hiyo uhakiki wetu haujalitazama. Kwa muda mrefu mhakiki wa fasihi ya Kiswahili amejishughulisha na mtunzi, na jamii iliyomlea mtunzi, na jinsi fani inavyoyabeba maudhui. Msomaji naye alipokuja kukumbukwa, hasa baada ya mawazo ya Hans Robert Jauss na Wolfgang Iser kuanza kufundishwa katika idara zetu, alikuja akiwa mtu mmoja, ameketi peke yake, kitabu mkononi, kimya. Makala haya yanadai kwamba msomaji wa namna hiyo ni mgeni kwetu kwa kiasi kikubwa, na kwamba nadharia ya upokezi inayomtegemea yeye peke yake haiwezi kueleza yanayotokea kitabu kimoja kinapofika mahali penye watu kumi wanaokitaka. Mfano wetu ni usomaji wa riwaya ya Peponi uliofanyika Kambu wakati wa likizo ya Agosti 2023. Tunakiri mapema kwamba mfano huo ulimlazimu mwandishi wa makala haya kuirekebisha fasiri aliyokuwa akiifundisha darasani.

Yafaa tuanze na neno lenyewe. Kitenzi "soma" katika Kiswahili hakijawahi kumaanisha kazi ya macho tu. Maulidi husomwa, khitma husomwa, na anayesoma huwasomea waliohudhuria, ambao baadhi yao huyajua maneno hayo kwa moyo kabla msomaji hajafungua kinywa. "Somo" ni funzo la darasani, lakini pia ni rafiki wa chanda na pete, mtu ambaye siri hazifichwi mbele yake. Lugha jirani zilipohitaji jina la Wakristo wa mwanzo ziliuchukua mwelekeo huo huo: Waganda waliwaita "abasomi" na Wagikuyu "athomi", yaani kusoma kulihesabiwa kuwa ni kuingia katika kundi la watu. Hatusemi kwamba etimolojia inathibitisha nadharia. Hata hivyo, mhakiki anayetumia neno "msomaji" pasipo kukumbuka mizigo hii anatumia neno la Kiswahili kwa maana ya lugha nyingine.

Historia ya maandishi yetu nayo inaelekea upande huo huo. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utenzi wake mwaka wa 1858, hadhira yake ya kwanza ilikuwa mtu mmoja, lakini utenzi ule uliishi kwa kunakiliwa na kughaniwa miongoni mwa wanawake wengi. Mashairi ya Muyaka bin Haji tunayo leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka katika kumbukumbu za watu wa Mombasa na kumpa W. E. Taylor. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 1923, liliwapa wasomaji nafasi ya kujibizana kwa mashairi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka wa 1971 na kukatazwa shuleni Tanzania, ilizidi kupita mkono kwa mkono. Mifano hii inajulikana vya kutosha, nasi hatuna haja ya kuirefusha. Jambo moja tu litajwe: katika yote hayo, kitabu kilienea kwa sababu mtu fulani alimwambia mwenzake anasoma nini.

Sasa twende Kambu. Mji huu uko kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kati ya Kibwezi na Mtito Andei, katika kaunti ya Makueni. Ukishuka mashariki unafika mto Athi, na ng'ambo yake ni Kitui. Ni mji wa malori, ndengu na maembe. Asiyepafahamu hudhani kwamba kitabu hakina njia ya kufika hapo isipokuwa kupitia shule. Kwa hakika kinafika kwa njia ile ile inayoleta vipuri vya pikipiki: mtu hutuma pesa kwa simu kwa muuzaji wa vitabu Nairobi, kifurushi hupandishwa basi, na jioni kondakta hukiteremsha stejini. Wala hamu ya maandishi si jambo geni katika nchi hii ya Wakamba. Ludwig Krapf alichapisha Injili ya Marko kwa Kikamba huko Tübingen mwaka wa 1850. Misheni ya Africa Inland ilianza kazi Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka wa 1895. Kutoka Kitui alitokea John Mbiti, ambaye kabla ya kujulikana duniani kwa maandishi yake juu ya dini za Kiafrika alikwisha kutoa hadithi ya Kikamba, Mutunga na Ngewa Yake, mwaka wa 1954. Neno "ngewa" katika anwani hiyo ni hadithi, na pia ni maongezi. Kikamba hakikuona haja ya kuyatenga mambo hayo mawili.

Nakala iliyofika Kambu ilikuwa ya Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka wa 1994. Tafsiri hiyo ilichapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam, mwaka wa 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kutunukiwa Tuzo ya Nobel. Nakala ilikuwa moja. Mwenye nayo, mwalimu mstaafu, alikuwa akiisoma peke yake hadi jirani yake, fundi cherehani, alipomuuliza swali tulilolitaja mwanzoni mwa makala haya. Alijibu kwa kumsimulia sura mbili. Kesho yake fundi alirudi na mtu mwingine, na kuanzia hapo kitabu kikawa kinasomwa kwa sauti jioni, nje ya duka la fundi, mbele ya watu ambao idadi yao ilibadilika kila siku: mama muuza matunda, vijana wa bodaboda, mhubiri mmoja, na mara kwa mara dereva wa lori aliyelala hapo. Mwandishi wa makala haya, ambaye kwao ni huko huko, alihudhuria jioni sita.

Kwa wasioisoma bado, mtiririko wake ni huu. Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa kutoka kwa wazazi wake na tajiri wa pwani, Azizi, ambaye amefundishwa kumwita ami. Baadaye anatambua, kupitia kwa Khalil, kwamba amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anatumika dukani, anavutwa na bustani ya tajiri iliyozungukwa na ukuta, kisha anapelekwa na msafara hadi ndani kabisa ya bara, kwa mtawala aitwaye Chatu. Huko Chatu anauteka msafara na kuchukua bidhaa zote, akisema kwamba mfanyabiashara mwingine aliyemtangulia Azizi alimdhulumu. Afisa wa Kijerumani anafika na kumwamuru arudishe mali.

Kwa mihula miwili tulikuwa tukiifundisha riwaya hii kama riwaya ya rehani na utumwa, yenye Yusuf katika kitovu chake. Chatu tulimweka katika kundi la vikwazo vya safari, pamoja na mvua, maradhi na mbu. Wahakiki wengi wanaotazama riwaya hii kwa jicho la pwani wanaelekea kufanya hivyo hivyo, kwani msimulizi anatembea na msafara na sisi tunatembea naye. Wasikilizaji wa Kambu hawakutembea na msafara. Sehemu ya Chatu iliposomwa, walianza kumshangilia. Mzee mmoja alieleza kwamba Chatu hakupora, alidai. Tulipomjibu kwamba aliyekuwa na deni ni mfanyabiashara mwingine, wala Azizi hakuhusika, alitutazama kwa upole unaomstahili mtoto, akasema: "Mwalimu, na yule kijana, yeye alikuwa amekopa nini?"

Tunaonelea kwamba swali hili linaifungua riwaya upya. Azizi anamchukua mtu asiyekopa ili kulipiza deni la mtu mwingine. Chatu anachukua mali ya mtu asiyemdhulumu ili kulipiza dhuluma ya mtu mwingine. Matendo hayo mawili yamejengwa kwa kipimo kimoja, moja mwanzoni na jingine katika kilele cha safari, na tofauti kati yake iko kwa anayetenda tu. Tajiri anapotenda, tendo huitwa biashara na hufanywa kwa tabasamu, marashi na heshima zote za pwani. Mtu wa bara anapolitenda, wahusika wa pwani huliita ushenzi. Isitoshe, mwenye kuamua mwishowe ni Mjerumani, ambaye hana habari na deni la upande wowote, naye hana nia ya kumrudisha Yusuf kwao kama anavyozirudisha bidhaa. Ukiitazama hivyo, sura ya Chatu inakuwa kioo ambamo Azizi angejiona kama angetaka kutazama. Tulikuwa tumeisoma riwaya hii mara nne bila ya kukiona kioo hicho.

Kwa nini mzee yule alikiona? Sababu mbili zinaelekea kutosha. Kwanza, katika mila ya Wakamba fidia ya makosa makubwa ni mzigo wa mbai, yaani ukoo, wala si wa mkosaji peke yake. Kwa hiyo hoja ya kwamba huyu siye aliyekosa haikuwa na uzito kwake kama ilivyokuwa nao kwetu. Pili, jamii hii ina kumbukumbu yake ya misafara. Katika karne ya 19 Wakamba ndio waliokuwa wakiongoza misafara ya pembe za ndovu kutoka bara hadi Mombasa, kabla wafanyabiashara wa pwani hawajaishika biashara hiyo, na jina la Kivoi wa Kitui, aliyeuawa mwaka wa 1851 akiwa safarini na Krapf, bado linatajwa. Msikilizaji wa namna hii haoni bara kama giza ambamo msafara unaingia. Anaona njia, nayo ina ncha mbili.

Dhana ya Jauss ya upeo wa matarajio inatusaidia hapa, lakini tukio jingine linaonyesha jinsi upeo huo unavyoweza pia kumpotosha msomaji. Wasikilizaji wengi walikuwa Wakristo, na haikuwachukua jioni mbili kutambua kwamba Yusuf huyu ana undugu na Yusufu wa kitabu cha Mwanzo. Mhubiri alitabiri kwa uhakika kwamba mke wa tajiri atamtaka kijana, na kwamba kijana atakimbia akiacha vazi mikononi mwa mwanamke. Utabiri wa kwanza ulikuwa sahihi. Wa pili ulimponyoka, kwani riwaya inafuata Kurani, ambamo kanzu hubaki mwilini ikiwa imechanwa kwa nyuma, na mchano huo ndio ushahidi wa kijana. Dereva mmoja wa Mombasa ndiye aliyewaeleza kwamba hata jina la tajiri si la bahati nasibu: katika Kurani mwenye nyumba anayoishi Yusuf huitwa al-Aziz, na mkewe mapokeo humwita Zulekha, kama anavyoitwa bibi wa tajiri riwayani. Kundi zima likalazimika kurudi nyuma. Stanley Fish anazungumzia jumuiya za wafasiri kana kwamba kila jumuiya inajua inakotazama. Nje ya duka lile palikuwa na jumuiya tatu au nne kwenye benchi moja, na fasiri ilizaliwa kutokana na kugongana kwao.

Tusije tukaupamba usomaji huu kupita kiasi. Una hasara zake, na baadhi ni kubwa. Sehemu tuliyoitaja sasa hivi, ya bibi wa tajiri kumtamani kijana, haikusomwa kwa sauti. Jioni ile mama mkwe wa mmoja wa wasikilizaji alikuwa ameketi hapo, na kwa adabu ya Wakamba, inayoitwa nthoni, maneno fulani hayatamkwi mbele ya mkwe. Mwalimu mstaafu aliitazama kurasa, akakohoa, akaifupisha kwa sentensi mbili na kuendelea. Habari ya kanzu kuchanwa tuliipata siku ya pili tu, kwa kuwa fundi alikwisha kukiazima kitabu usiku na kukisoma peke yake kwa taa ya simu. Hapa ndipo msomaji mpweke wa Iser anapostahili heshima yake. Kundi hulinda adabu, na katika kuilinda hukata matini. Nashuku kwamba Rosa Mistika isingeweza kusomwa pale hata ukurasa mmoja, na kwamba kupita kwake kwa siri miaka ile kulitokana na hali hii hii: kuna vitabu ambavyo mtu humwambia mwenzake anavisoma kwa kunong'ona.

Hasara ya pili ni ya fani. Kurasa za bustani, ambazo kwa maoni yetu ni miongoni mwa kurasa bora za Gurnah, zilisomwa mbio mbio. Miti, mifereji ya maji, kimya cha mahali pale, yote yalionekana kuwa ni kuchelewesha hadithi. Kejeli ya msimulizi nayo, ambayo hutegemea sauti ya chini, haikusikika katika kelele za malori. Na Yusuf mwenyewe, ambaye nguvu yake kama mhusika imo katika kunyamaza kwake, alionekana kuwa kijana mzito asiyejua kujitetea. Mama muuza matunda alimsema sana. Tulijaribu kumtetea kwa hoja za kinadharia juu ya ukimya wa waliodhulumiwa. Alisikiliza, kisha akasema kwamba mtoto wake angekuwa hivyo angempeleka hospitali.

Jambo hili linahusu idara yetu moja kwa moja. Kenya ina utaratibu wa usomaji wa pamoja usio na kifani katika eneo hili, nao ni vitabu teule vya shule za upili. Kizazi kizima kilisoma Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa mwaka wa 1996, na alipofariki Aprili 2020 watu wa rika moja waliokulia mbali mbali waliweza kumlilia kwa kutajiana matukio yale yale. Riwaya kama Chozi la Heri na Nguu za Jadi nazo zimekuwa na wasomaji wengi kwa wakati mmoja kuliko zingeupata kwa njia nyingine yoyote. Hata hivyo, wanafunzi hao wanapotufikia chuoni na kuulizwa wanasoma nini, wengi wao hujibu kwamba wanasomea mtihani. Kauli ya kitenzi imebadilika, na maana imehama nayo: kusoma kumekuwa kusomea. Miongozo ya vitabu teule imewapa orodha ya dhamira, sifa za wahusika na mbinu za lugha kabla hawajakutana na kitabu, na kwa hiyo hawana cha kumwambia mwenzao ambacho mwenzao hana. Mzee wa Kambu aliuliza swali lake kuhusu Chatu kwa sababu hakuwa na mwongozo wa kumwambia kwamba Chatu ni mhusika mdogo. Mwongozo wa namna hiyo ungeandikwa, naogopa kusema, kutokana na maandalio yetu sisi ya mihadhara.

Tumejaribu muhula uliopita kumwomba kila mwanafunzi wa uzamili aanze semina kwa kueleza kitabu anachokisoma nje ya kozi. Wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu kwetu sote, mwalimu akiwemo, kwani ilibainika kwamba sisi tunaofundisha fasihi husoma zaidi uhakiki kuliko fasihi. Baadaye mambo yalichangamka. Mwanafunzi mmoja alileta Without Kiinua Mgongo ya David Maillu, mwenyeji wa Makueni, ya mwaka wa 1989, inayochanganya Kiingereza na Kiswahili sentensi kwa sentensi, na mjadala wa iwapo kazi hiyo iingizwe katika fasihi ya Kiswahili haujesha hadi leo. Semina yenyewe haikupangwa kuwa na mada hiyo.

Kuhusu Peponi, msomaji wa makala haya atakuwa amegundua kwamba hatukunukuu hata sentensi moja. Nakala tuliyoitumia ilivuka Athi mwezi wa Septemba na iko mikononi mwa mtu upande wa Kitui, ambaye naye ameahidi kumpa mwingine kabla ya kuirudisha. Mwalimu mstaafu alipoulizwa alisema hana wasiwasi.

Jioni ya mwisho ilikuwa ya kurasa za mwisho, ambapo Yusuf, baada ya kuwaona askari wa Kijerumani wakipita na mateka wao, anaamua ghafla kuukimbilia msafara wao. Darasani tulikuwa tukiujadili uamuzi huo kama utata: je, ni kujikomboa, au ni kujitia katika utumwa mpya? Kambu utata huo haukuwapo. Huko karibu kila familia ina mzee aliyehudumu katika King's African Rifles au aliyebebeshwa mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918, na watu wanajua kwamba mwaka wa 1915 vikosi vidogo vya Wajerumani vilivuka mpaka kutoka upande wa Taveta na kuilipua reli ya Uganda, reli ile ile inayopita karibu nao. Fundi alihesabu miaka kwa vidole. Kijana aliyejiunga na askari wa Kijerumani karibu na kuanza kwa vita, alisema, miezi michache baadaye angekuwa porini Tsavo na baruti mgongoni. "Basi ametoka kote huko," alisema, "kuja kutuharibia reli." Mama muuza matunda alitaka kujua kama babu wa fundi, aliyekuwa mlinzi wa reli wakati huo, angempiga risasi. Fundi alifikiri kwa muda, akasema babu yake alikuwa na macho mabovu.